Makofi ya Mheshimiwa Waziri

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba tangu mwezi wa Shaaban uongo wa sauti umetokomezwa katika filamu na runinga zetu. Mimi, Wagdi Abu Sitta, ni katibu wa Kamati ya Sauti za Kweli hapa Kairo, na agizo lenyewe nililiandika kwa mkono wangu.

Chanzo ni ziara yetu studioni. Tulimkuta Bi Inshirah, fundi wa sauti kwa miaka thelathini, amepiga magoti akigongesha mitalawanda, vile viatu vya mbao, kwenye vigae. Kwenye skrini mbele yake farasi wa sultani walikuwa wakitimua mbio.

"Farasi wako wapi?" nikauliza.

"Si hawa, pasha?" akainua mitalawanda. "Mmoja kakatika mkanda."

Niliumia sana. Uchunguzi ulibaini kwamba mvua ya tamthilia za Ramadhani ni mchele kwenye sinia, mifupa inayovunjika ni figili, na lile kofi la kwenye tamthilia lililomliza mama yangu mwaka jana lilipigwa kwenye donge la unga.

"Tuliuoka baadaye," Bi Inshirah akatuliza. "Tukala na maharage."

Kamati haikucheka. Kifungu cha nne kikaamuru kila sauti itokane na kitu chenyewe, kanda zote za akiba zifutwe, na chumba cha Bi Inshirah kiwe ghala la mafaili.

"Kazi nyingine siijui, mwanangu," alisema akifungasha sinia lake. Machozi yalimlenga. "Nifute kanda zote?"

"Zote, mama."

"Hata ile yenye kasha jekundu?"

"Sheria haichagui rangi."

"Basi nitilie saini."

Nikatia, tena na muhuri.

Siku ya kwanza ya Ramadhani, muda mfupi kabla ya Magharibi, Waziri wetu alihutubia taifa moja kwa moja kutoka ukumbini. Alipotamka "enzi ya ukweli" akanyamaza, akainua kidevu, akasubiri makofi kama ilivyo desturi yake.

Taifa lililozunguka futari likasikia kiti kikilia, tumbo likinguruma kwenye kipaza sauti cha Mheshimiwa, na mtu wa safu ya mbele akinong'ona, "Hivi huyu hamalizi? Adhana hiyo inakaribia!" Palikuwa pia na mkoromo. Nimearifiwa kwamba ulikuwa wangu.

Kesho yake Bi Inshirah aliitwa haraka.

"Makofi yangu yako wapi?" Waziri akafoka.

"Yalikuwa kwenye kasha jekundu, Mheshimiwa. Niliyarekodi harusini kwa dada yangu, zamani hizo. Mawaziri saba wamepigiwa hayo hayo." Akatoa karatasi. "Saini hii hapa."

Waziri akaisoma saini, kisha akanigeukia.

"Nirudishieni chumba, niwatengenezee mengine," Bi Inshirah akaendelea. "Ila kifungu cha nne hakijafutwa. Makofi yatoke kwa wanaofurahi wenyewe. Nani kafurahi?"

Ndiyo maana naandika haya kwa mkono wa kushoto. Tangu asubuhi wajumbe wote kumi na mmoja tumesimama chumbani mwa Bi Inshirah, baina ya mchele na figili, tunapiga makofi. Kwa kuwa tulisikika wachache, Mheshimiwa Waziri alivua pete akajiunga nasi. Sasa tumefika mara ya sitini na mbili, na viganja vimevimba, cha kulia zaidi.

Bi Inshirah amevua vifaa vyake vya masikioni, anatikisa kichwa.

"Viganja nasikia," anasema. "Furaha siisikii. Tena, wanangu."