Barua Inayofunguliwa na Kila Mtu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Siku ya tatu leo tangu niombe msaada kwenye orodha ya barua pepe ya waandishi wa programu wa Pemba, na hakuna hata aliyeitikia salamu. Watu wote wale! Wamekaa Chake, Wete, Mkoani, kila mmoja na kompyuta yake, wananisoma na kunyamaza. Roho mbaya tu.

Na barua yangu ilikuwa fasaha. "Haifanyi kazi. Nisaidieni haraka." Wanataka nini zaidi?

Programu yangu ina maana kuliko yote waliyowahi kuyaandika wao. Inatazama hali ya hewa, na mvua ikikaribia inapeleka ujumbe kwenye simu: anueni karafuu. Mwaka jana mvua ilimharibia mama yangu, Bi Mardhiya, nusu ya karafuu zake. Mwaka huu amesema hakai tena kuchungulia mawingu, ananitegemea mie. Ameniambia hiyo ndiyo faida pekee anayoitaka kwa ada ya chuo aliyonilipia. Wachumaji wanaingia kesho. Na programu imenyamaza kama wale wa kwenye orodha.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetuma tena. Asubuhi, mchana, na baada ya alasiri. Ya mwisho kwa herufi kubwa tupu, ili wenye macho mabovu nao waone.

Msimamizi wa orodha amenijibu. Bi Khairiya wa Tibirinzi, mwalimu wa kompyuta. Kunisaidia? Ng'o! Amenipa nasaha. Nisirudierudie barua. Nieleze nimefanya nini na kompyuta imesema nini. Kichwa cha habari kieleze tatizo. Akamaliza kwa kunitakia siku njema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kompyuta imesema nini! Inasema maneno mengi mekundu, kwa Kiingereza. Mie sina tabia ya kubishana na aliyekasirika. Nayafunga.

Halafu Haitham. Haitham wa Wesha, niliyesoma naye, aliyekuwa akichungulia mtihani wangu (au mie wake, sikumbuki vizuri). Ameuliza swali leo, barua ndefu kama khutuba, kosa lake amelinakili neno kwa neno. Kabla ya magharibi amejibiwa na watu watano. Upendeleo mtupu.

Jumatano, 8 Oktoba

Karafuu zimeanikwa. Majamvi yamejaa uani, toka mlango wa jikoni mpaka kisimani. Mama ameitazama simu yake, akanitazama mie, akaifunga simu kwenye pindo la kanga na kwenda zake kwa raha. Roho imeniuma.

Nikaona niwalainishe wanachama. Nikawapelekea picha ya karafuu na salamu nzuri. Bi Khairiya akaandika kuwa orodha ni ya mambo ya programu, si ya picha. Nikamjibu mbele ya wote kwamba wapo watu hukabidhiwa ufunguo wa mlango wakajiona wamejenga nyumba. Anajua nimemsema yeye. Ameniandikia pembeni: nikikosea tena ananitoa. Akaongeza kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Mie! Sikio la kufa!

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata!

Asubuhi ilikuja tanzia kwenye orodha, babu wa mwanachama mmoja wa Wete. Lahaula! Watu ambao hawajaandika neno mwaka mzima walijitokeza wote. Inna lillahi, inna lillahi, moja juu ya nyingine, na Bi Khairiya wa mwanzo. Hakuna aliyeulizwa kama kufa ni jambo la programu.

Nikakaa nikafikiri. Kumbe kasoro haikuwa swali langu. Kasoro ilikuwa kichwa cha habari, na Bi Khairiya mwenyewe kasema kichwa kieleze tatizo. Sasa programu yangu si imekufa?

Nimeandika: TANZIA, NYUMBANI KWA BI MARDHIYA, VITONGOJI. Ndani nimeeleza vizuri kabisa kwamba aliyetutoka ni programu yangu, iliyougua wiki nzima bila mtu kuijulia hali, na mwenye uwezo wa kuifufua aandike. Nimetuma. Nalala mapema, nimechoka kuwa na akili peke yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hawakufungua barua! Hata mmoja! Wamesoma kichwa tu, wakajijazia wenyewe kuwa Bi Mardhiya kafariki, wakafunga safari waje wazike kabla ya sala ya Ijumaa. Ndio watu wa kunifundisha mie kusoma?

Nilikuwa nimetumwa sukari dukani. Huku nyuma uani kukajaa kofia na mabuibui. Mama alikuwa shamba na wachumaji. Jirani yetu, Mzee Msellem, kwa wema wake, alishaleta jeneza kutoka msikitini. Na kwa kuwa wageni wa msiba hawakalishwi chini patupu, majirani wakazimwaga karafuu mchangani, wakayakung'uta majamvi na kuwatandikia.

Mama akarudi. Akaona umati, akaona jeneza, mie hakuniona. Akajua ni mwanawe. Watu nao, kumwona maiti wao anaingia kwa miguu, wakarudi nyuma, na Mzee Msellem akaanza kumsomea dua ya kufukuza mashetani. Mama akaanguka magoti juu ya karafuu zake, analia, ananiita jina. Shaame, Shaame wangu.

Nikatokea mlangoni na sukari.

Alinikumbatia mpaka pumzi ikanikatika. Kisha akaniuliza nani kafa, nikamweleza.

"Programu ndiyo nani?" akauliza mama.

Mvua ikashuka, kubwa, bila hodi, na simu pindoni mwake haikulia. Wakazivamia karafuu kwa mikono, kwa sinia, kwa kofia. Bi Khairiya alijaza mkoba wake. Haitham alivua shati akafungia. Mzee Msellem akafunua jeneza, akasema maiti wa leo ndiye huyu, akaamuru zitiwe humo ziingizwe ndani. Fungu kubwa limeokoka. Jingine limelowa na mchanga juu.

Na hakuna aliyenishukuru kwa kuwakusanya watu wote wale.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama hasemi nami. Chai yangu imekuja haina sukari, na sukari nimeinunua mie.

Haitham amekuja bila kuitwa. Akawasha kompyuta, akayasoma yale maneno mekundu. Yalikuwa yakisema siku zote kwamba namba ya simu ya mama imepungua tarakimu moja. Akaitia. Akasema ningeyanakili tu kwenye orodha, mtu yeyote angenijibu siku ile ile. Nikamwambia asicheleweshe kazi zake Wesha.

Akaondoka, na ujumbe wa jana ukaingia leo kwenye simu ya mama, jua likiwaka. Anueni karafuu. Akausoma taratibu. Ndipo akanisemesha.

"Mwanangu, mie jana nilishakuzika. Usinirudishe tena pale."

Nimeshindwa kunywa chai. Kwa kweli nimeshindwa. Yote haya ni Bi Khairiya, angenijibu Jumatatu yasingefika hapa.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi Khairiya ameandika. Hawanitoi, kwa heshima ya mama. Sharti ni moja: nitume barua moja tu ya kuomba radhi, isiyo na jambo jingine. Mama amesema niiandike leo leo.

Nimeiandika. Ndefu, ya unyenyekevu, hata mie imenitoa machozi. Lakini chini nimetia swali dogo, maana tangu asubuhi programu inapeleka ujumbe kila dakika na haizimiki. Kuna maneno mekundu. Nimeyafunga.

Likabaki la kichwa. Nani atafungua barua iliyoandikwa "Kuomba radhi"? Hawa watu nimeshawajua, kufungua hawafungui. Na mama anataka radhi yangu imfikie kila mmoja.

Nimeandika: MWALIKO WA HARUSI, NYUMBANI KWA BI MARDHIYA, VITONGOJI.

Imekwenda. Mama amechungulia mlangoni kuuliza kama nimeshaomba radhi. Nimemwambia tayari, kwa wote. Ametabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa, akatoka uani kuzitandaza karafuu zake juu ya majamvi.