Nani Alitangulia Kuzaliwa

Alhamisi, 10 Juni 1993

Nilijifungua jana. Wawili! Wavulana! Wanafanana kama punje za ulezi. Nimelia, nimecheka, kisha nimeanza kufikiri.

Jina ndilo neno la kwanza mtu analopewa duniani. Lazima limfikishe mahali. Kwa miezi mingi nilikuwa na jina moja tayari, Tafakari. Huyu wa pili amekuja bila taarifa. Nimempa Thubutu. Mmoja awaze, mwingine atende. Nimeridhika kabisa.

Halafu mfagiaji wa wodi akapita na ndoo yake. Hongera Mama Kulwa, akasema. Mama Kulwa! Hata vitovu havijakauka!

Nchi nzima pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Hakuna anayekaa chini akawaza. Darasani kwangu kuna akina Kulwa watatu. Nikimwita mmoja ubaoni, wanasimama wote. Wanangu hapana.

Ijumaa, 11 Juni

Nyumbani. Baridi kali, upepo unapita chini ya mlango.

Nimepata mpango. Bila kujulikana aliyetangulia, hakuna Kulwa! Na bila Kulwa, Doto atatoka wapi? Tunaojua ni wawili tu, mimi na Nesi Epifania. Yeye ndiye aliyemfunga wa kwanza uzi mwekundu mkononi. Nilimwomba asimwambie mtu. Alicheka, akaahidi.

Leo nimekata ule uzi, nikautupa motoni. Mama hahitaji uzi. Tafakari ana uso wa mtu anayewaza. Nitamjua hata gizani.

Ndalahwa, mume wangu, amerudi kutoka sokoni na marobota yake ya mitumba. Amependekeza Dola na Pauni. Eti siku hizi ndizo zinazofungua milango. Nimemnunia. Baadaye ameniletea uji wa ulezi kitandani, ameupuliza mwenyewe mpaka ukapoa. Nimemsamehe nusu.

Jumapili, 13 Juni

Mama mkwe amefika. Mama Minza, kutoka Ilemba, juu ya magunia ya mpunga kwenye lori, jogoo kwapani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, na kabla hajakaa akauliza Kulwa ni yupi.

Nimesema sijui, nilizidiwa na uchungu. Amemshusha jogoo chini. Akasema kwao Usukumani hata ng'ombe akizaa mapacha, aliyetangulia hujulikana.

Nimekwenda jikoni kutabasamu. Mpango unafanya kazi!

Jumanne, 15 Juni

Baba naye amekuja. Mzee Oswaldi, wa Mwimbi, na debe la ulezi na kitabu chake cha watakatifu. Ameketi, amevaa miwani, ametangaza kwamba wajukuu wamezaliwa siku ya Watakatifu Primo na Felisian. Mashahidi. Tena ndugu wa tumbo moja! Mungu ameshachagua, sisi ni kubeba maji ya ubatizo tu. Primo maana yake wa kwanza. Basi, Evodia, wa kwanza ni yupi?

Naye!

Nimemweleza Tafakari na Thubutu, kwa utulivu, kwa hoja. Baba amesema Thubutu si jina, ni tishio la mtu anayetaka kupigana. Mama Minza amecheka mpaka kilemba kikamlegea. Hawa wawili walibishana kuhusu ng'ombe wa mahari mwaka mzima. Leo wameketi mkeka mmoja, wananiuliza swali moja.

Nimekaza. Sijui.

Alhamisi, 17 Juni

Balaa.

Mama Minza amewaogesha wote katika beseni moja, akawafunga katika kanga moja, akanikabidhi. Nimewatazama. Tafakari ana uso wa mtu anayewaza. Thubutu ana uso wa mtu anayewaza. Wakapiga chafya, wote wawili, kwa pamoja.

Sijui ni yupi! Kweli sasa, sijui!

Nimekimbilia hospitali kwa kisingizio cha vitovu. Nimemnong'oneza Nesi Epifania. Amesema siku ile alipokea watoto wengi, yeye anakumbuka uzi tu. Uzi uko wapi, Mwalimu? Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 19 Juni

Kesho ubatizo. 

Si mzaha tena. Kwa akina Ndalahwa, kaka mkubwa ndiye huzungumza kwanza kikaoni, hata akiwa amemtangulia mdogo wake kwa dakika chache. Nikikosea, nimemnyang'anya mwanangu kitu alichokuja nacho duniani. Nimewabusu pua zote mbili, busu sawa kwa sawa.

Mpango mpya. Nitawashika wote pamoja na kutaja majina yote haraka haraka, Padri asijue lipi ni la nani. Nimefanya mazoezi na mito miwili. Ndalahwa amenikuta nikimbatiza mto. Amesema Mama Kulwa, pumzika.

Jumapili, 20 Juni

Ee Mungu wangu.

Padri akauliza, kwa sauti, wa kwanza ni yupi. Baba akainua miwani. Mama Minza, ambaye kanisani huja kwa harusi tu, alikuwa benchi la mbele. Nikafungua kinywa niseme Tafakari. Hapo mmoja akanishika kidole. Kwa nguvu! Moyo ukayeyuka, akili ikafuata. Nikamnyanyua, nikatamka: Huyu ndiye Kulwa.

Mimi! Kwa kinywa changu mwenyewe!

Vigelegele kanisa zima. Primo Kulwa. Felisian Doto. Tafakari na Thubutu hawakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Njiani Mama Minza alinivuta kando. Ulimnyanyua aliyekushika kidole, mwanangu, akasema. Hukujua. Nikakiri, huku nalia. Akasema mama akishasema, imekuwa, na yeye hatamwambia hata Ndalahwa. Akanipokea Doto, akanipa bega. Linanukia moshi na samli. Nimelilia hapo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 21 Juni

Kulwa amelala. Doto ananyonya.

(Mkono umeandika wenyewe. Sitafuta, mkono mwingine una mtoto.)

Nimetafakari. Mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa uzi. Mtoto wa tatu atazaliwa peke yake, hatahitaji uzi, na ataitwa Maarifa. Nimemdokeza Mama Minza. Amesema huyo ameshapata jina. Anayefuata mapacha ni Shija, awe wa kike, awe wa kiume.

Hata mimba haijatungwa! Na amelipapasa tumbo langu, akamsalimia Shija!

Nimewaza kutwa nzima. Nimepata. Safari ijayo mimba nitaificha. Ndalahwa nitamwambia mtoto akianza shule.