Malalamiko Kuhusu Visanduku vya Kijivu

Halfa Mpya, Sudan

Kwa Msimamizi wa tovuti inayogeuza maandishi kuwa ukurasa wa wavuti

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni karani mstaafu wa reli, mzaliwa wa kijiji cha Wanubi ambacho kiko chini ya ziwa tangu bwawa lijengwe. Ninaandika kumbukumbu za kijiji hicho ili watoto wetu waliotawanyika wazisome, na hasa ili dada yangu Nabra, ambaye tangu tuhamishwe hataki kukizungumzia, asikie na kuongeza ya kwake kabla hatujafa. Binti yake, Hikmat, alinionyesha mtambo wenu: naandika maneno ya kawaida, naweka nyota kandokando ya neno ninalotaka likolee, nabandika, nanyi mnanirudishia msimbo wa ukurasa. Nina malalamiko.

1. Tulipofundishwa kupiga taipu tuliambiwa aya ya mtu mstaarabu huanza kwa kugonga nafasi mara nne. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Mtambo wenu ukiona nafasi hizo unadhani ni msimbo, basi umechukua kila aya yangu ukaifungia ndani ya kisanduku cha kijivu, kana kwamba ni mashine inaongea na mashine mwenzake.

2. Visanduku vyote vinafanana. Serikali ilishatuhamisha mara moja ikatupa nyumba zinazofanana hivi kwamba baba aliingia kwa jirani, akavua viatu na kuagiza chai. Sikutegemea kuhamishwa tena nikiwa nimekaa kitini.

3. Ndani ya kisanduku sentensi haikati kona. Inakwenda moja kwa moja na kutokomea ukingoni mwa simu. Nimeandika mtende wa mama ulikuwa upande gani wa nyumba. Kinachoonekana ni "upande wa", basi.

4. Kwa hiyo naomba mtambo usimamishwe dunia nzima, na iundwe kamati ya wapiga taipu wastaafu. Nitakuwa mwenyekiti mimi, kwa kuwa wenzangu wote ni marehemu.

Hikmat anasema, "Mjomba, si uache tu kugonga hizo nafasi?" Nimemjibu kwamba reli haikujengwa kwa ushauri wa namna hiyo.

Wasalimie wafanyakazi wenzako, wazazi wako, na yeyote anayelala karibu na mtambo huo.

Wako ninayesubiri hatua,
Fikri Shawgi Dahab

Baada ya sahihi: Kabla sijatuma barua hii, Hikmat alimsomea mama yake ukurasa ule wenye visanduku. Alipofika kwenye mtende akakwama. Nabra akaweka kikombe chini.

"Wa kaskazini. Kwani huyo mjomba wako alikuwa anatazama wapi? Kaskazini, pale penye jiwe la kusagia. Kaa nikueleze."

Ameanza asubuhi, sasa ni adhuhuri, na bado anaeleza. Mimi nimekwenda pembeni nikafuta zile nafasi. Visanduku vimetoweka, sentensi inasomeka yote. Niliandika kusini.

Nimezirudisha nafasi. Tafadhali msiguse chochote.