Gari Lisilorudi Nyuma

Pleven, 9 Septemba

Kwako Bwana Përparim Lleshi, mkodishaji wa magari, Shkodër.

Natumaini u mzima na wateja wanakuja. Mimi ni Radostina Kolchevska, mwalimu mstaafu wa jiografia, yule mama wa Bulgaria aliyekodi gari lako jeupe mwezi uliopita, akiwa na kaka yake Ognyan. Nakuandikia kwa masikitiko, ila kwa adabu.

1. Gari lako halina rivasi. Ukiitafuta, gari linaruka mbele kama mbuzi. Niligundua hilo ukingoni mwa korongo, nilipotazama chini nikaona kwamba milima niliyoifundisha miaka thelathini na nne inatosha kutazamwa kwenye ramani. Nilitaka kugeuza, nikashindwa. Ikabidi tuvuke mlima wote.

2. Kwenye kona nyembamba tulikutana na lori la nyasi kavu. Dereva wake, Zef, alishuka akaniambia kwa upole, "Mama, rudi nyuma kidogo." Nikamjibu, "Mwanangu, gari hili halijui." Akarudi yeye, karibu kilomita nzima, mkewe akitembea nyuma ya lori akimwelekeza na kutusema sisi. Tulipopata nafasi ya kupishana, wakasema sasa lazima tunywe kahawa kwao. Baada ya kahawa ikaja raki, pombe yao kali, baada ya raki akachinjwa mwanakondoo. Tulikaa siku tatu. Sketi zangu mbili hazifungi tena.

3. Hili ndilo zito. Tangu afiwe na mkewe Milka, kaka yangu alikuwa hasemi. Kila nikimtoa nyumbani, kabla ya saa sita huniomba nimrudishe. Nilikwishazoea, na gazeti langu nilisoma kwa raha. Huko kwa Zef akaanza kuzungumza. Alimsimulia mama yake Zef jinsi Milka alivyokuwa akichoma pilipili uani huku akimfokea. Akacheka, akalia, kisha akaomba aongezewe nyama. Kutoka hapo hadi mpakani hakunyamaza. Siku hizi hunipigia simu kila asubuhi kabla sijanywa chai.

Kwa hiyo naomba uniombe radhi kwa maandishi. Gari hilo lisikodishwe tena kwa mtu mwenye ndugu mkimya. Na simu za Ognyan za Jumanne na Ijumaa uzipokee wewe.

Wasalimie wazazi wako, majirani, na yule binti wa ofisini aliyetufungia tini za njiani.

Mimi mteja wako niliyeonewa,
R. Kolchevska

Tanbihi: Nimemsomea Ognyan barua hii kwenye simu. Akasema, "Dada, chini ya kirungu cha gia kuna pete. Unaivuta juu, rivasi inaingia. Niliiona tangu Shkodër." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungegeuza. Na mimi siku ile sikutaka kurudi nyumbani."

Basi gari lako ni zima. Lakini stempu nimeshaibandika, kwa hiyo naituma hivyo hivyo.