Jogoo wa Mirihi

Jumatano, 6 Agosti

Nimeona kwenye simu. Wataalamu walijifungia na mimea ndani ya nyumba ya vioo, wajaribu maisha ya Mirihi. Hewa ikapungua mpaka wakaongezewa. Kosa lao hawakuniuliza. Mie nilishatoka Muskati ndani ya kontena la vitunguu, mlango umefungwa, nikashuka bandarini nimenenepa.

Basi nimejenga kibanda cha nailoni nyuma ya nyumba, hapa Chamazi. Ndani kuna mchicha, beseni la maji na jogoo. Jogoo anaupa mchicha mbolea, mchicha unampa chakula na hewa. Kila upenyo nimeziba kwa selotepu. Jogoo mwenyewe ni wa wageni wa Jumapili, wanaokuja kumposa binti yetu Ahlam. Mke wangu Wahiba anamnenepesha tangu Ramadhani. Nimemwambia yuko mapumzikoni. Kasema akifa kibudu kabla ya kisu, wageni nitawapikia ile simu yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jirani Apolinari, mwalimu mstaafu, kachungulia juu ya ukuta. Eti, "Hongera Bwana Masoud, bustani nzuri. Ya nini?"

Mtu asiye na nia mbaya haulizi ya nini. Na kesho ni Nane Nane, maonyesho ya wakulima. Nimeshaelewa, anataka kuniibia wazo akalionyeshe. Nimefunika kibanda chote kwa turubai la lori. Halipitishi hata jicho.

Ijumaa, 8 Agosti

Jogoo hajawika alfajiri. Safi. Kashazoea utulivu wa Mirihi.

Apolinari katoka mapema, kanyoa ndevu. Kunyoa siku ya maonyesho! Nimemfuata kwa mbali mpaka Buguruni. Kanunua viti vinne vya plastiki, karudi nyumbani. Mtu anaishi na mkewe tu. Viti vinne ni vya kukalisha kikosi, wanichungulie kwa zamu.

Jumamosi, 9 Agosti

Apolinari kabisha hodi. Anasema jogoo wetu ndiye humwamsha kwenda misa, na tangu jana hawiki, leo yeye kapitiwa na usingizi. Je, mzima? Nikamuuliza kajuaje kama yumo mle.

Wahiba akasikia. "Mle wapi, baba Ahlam?"

Akavuta turubai. Mchicha wote manjano, umelala chini. Nikawaambia selotepu isiguswe, jaribio halijaisha. Apolinari akachana nailoni kwa funguo. Jogoo akatoka anapepesuka kama katoka kilabuni, akaanguka. Wahiba akaagiza kisu haraka, awahiwe. Kabla kisu hakijafika jogoo akavuta hewa, akasimama, akawika saa sita mchana.

Usiku Wahiba kanifungia mlango. Kalala na jogoo chumbani. Mie sebuleni.

Jumapili, 10 Agosti

Posa imekubaliwa. Jogoo kachinjwa mzima wa afya, wageni wamelamba vidole. Wamekalia viti vya Apolinari. Kumbe Wahiba ndiye aliyemwomba awasaidie. Kwa hiyo njama ni ya watu wawili.

Na huyo mwalimu kawaeleza wageni kwamba mimea bila mwanga haitengenezi hewa, eti turubai langu ndilo lililoharibu kila kitu. Wakacheka. Ahlam naye kacheka, siku ya posa yake mwenyewe.

Najua anachotaka mwalimu. Nisifunike, aone ndani. Safari hii maturubai mawili.

Mbuzi wa harusi wameshamleta, kafungwa nyuma ya choo. Nimemtazama vizuri. Kifua kipana, na hana tabia ya kulalamika.