Aliyeniombea Msamaha

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa. Si pochi, si baiskeli. Nimeibiwa mimi! Mke wangu kaniuliza mbona natangaza mtandaoni kuwa nimelazwa hospitali, na niko mezani nakunywa chai. Kanionyesha. Picha yangu, jina langu, naomba msaada kwa sauti ya huzuni. Nikajaribu kuingia kwenye akaunti yangu. Imenifukuza.

Chanzo nakijua. Fundi friji mwenzangu wa mtaa wa pili, tunayemwita Barafu, amepata ile alama ya buluu ya akaunti iliyothibitishwa, na wateja wanammiminikia. Nikaingiwa na kijicho. Mtu mmoja mtandaoni akaniahidi alama kama hiyo. Nikamtumia picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Akataka na namba ya siri iliyoingia kwenye simu. Nikampa. Nikamshukuru pia!

Mke wangu anataka twende polisi, kampuni ya simu na benki, kisha tuwaarifu ndugu. Nimemwambia atulie. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: nimefungua akaunti ya uongo, ya mjane tajiri mwenye friji mbovu kibao. Mjane akamwandikia mwizi kwamba anataka kumsaidia, wakutane. Mwizi akajibu kwa upole. Akampa pole ya msiba, akamtakia nguvu, akasema hospitali hairuhusu wageni, msaada utumwe kwa simu tu. Nimerudia kuisoma. Mimi sijawahi kumpa mtu pole nzuri namna ile.

Mchana Barafu naye, aliyeona habari za zile friji, kamwandikia mjane. Anauliza kama anaishi peke yake. Mpango umefutwa.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kanishika mkono kama mtoto. Kituoni, askari wa mapokezi kauliza nini kimeibwa. Nikasema mimi mwenyewe. Kanitazama juu mpaka chini.

“Mbona huyo aliyeibwa umekuja naye?”

Mke wangu akaeleza vizuri, tukapewa namba ya taarifa. Kwenye kampuni ya simu, dada wa kaunta kaniuliza watu niliowapigia karibuni. Nikababaika. Kasema kuna mtu alipiga jana akijiita mimi, akajibu bila kusita. Aibu! Hata hivyo laini imefungwa. Benki wamesimamisha kadi. Maneno ya siri yote kayabadilisha mke wangu, na kakataa kunionyesha.

Wakabaki ndugu. Kawapigia wote, kasoro mmoja. Nikamwambia kaka mkubwa amwache. Hatusemezani tangu harusi ya binti yake, niliposema mbele ya wageni kwamba chakula kimeisha kwa ubahili wake. Mtu asiyenipenda atatapeliwaje kwa jina langu?

Ijumaa, 7 Machi

Kaka amekuja!

Nimemwona dirishani, na mfuko wa machungwa. Sijui nini kilinipata. Nikakimbilia kitandani na viatu vyangu, nikajifunika blanketi. Akaingia, akakaa ukingoni, akaanza kumenya. Alikwenda hospitali, hawakunijua. Akadhani nimesharuhusiwa. Kisha akatoa simu, akanisomea ujumbe wangu mwenyewe.

“Kaka, yale ya harusini nilikosea. Nilikuonea wivu. Tumebaki wawili tu.”

Akanikabidhi chungwa. Kumbe mwizi alisoma meseji zetu zote za ugomvi. Lakini hilo la wivu hatukuliandika popote. Amelijuaje? Maana ni kweli.

Mke wangu alisimama mlangoni, macho kwangu. Nikala chungwa. Nikakohoa kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kasema nisipomwambia kaka leo, atamwambia yeye, kabla mwizi hajamkamua. Nimekwenda. Njiani nilijipangia maneno ya kweli, yote.

Nikasema, “Kaka, nimeibiwa akaunti. Ukiombwa kitu kwa jina langu, usitume.”

Akaweka kikombe chini. “Na ule ujumbe?”

Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo, nikianguka, akingoja kuona kama nitalia.

“Ule wa kwangu,” nikasema. “Wameiba baadaye.”

Akashusha pumzi. Akanishika bega. Tukaongea mpaka chai ikapoa, habari za mama, habari za zamani. Nilirudi mwepesi, kisha kona ya mwisho nikawa mzito. Maneno yale yangetoka kinywani mwangu. Alikuwa karibu hivi, goti kwa goti. Badala yake nimeyachukua ya mwizi. Sasa nani kamwibia nani?

Mke wangu kauliza kama nimemwambia. Nimesema ndiyo. Ni kweli, kwa sehemu.

Jumanne, 11 Machi

Kaka kapiga simu. Anastaafu, wanamfanyia tafrija kazini, na anataka niseme machache. Kasema, “Kutoka moyoni, kama ule ujumbe.” Nimekaa na kalamu asubuhi nzima. Moyo haukutoa kitu.

Nikatafuta mtandaoni. Nimepata bwana mmoja anaandika hotuba za kuliza watu. Ili maneno yafanane na mimi, anahitaji picha ya kitambulisho na ruhusa ya kusoma meseji zangu. Lakini safari hii sikukurupuka. Nimemuuliza waziwazi kama yeye ni tapeli.

Kasema hapana. Nimemtumia.