Nyumba ya Mlango Dirishani

Jumatatu, 17 Mei 2021

Asubuhi ukungu, mlima wa volkano hauonekani. Majivu mepesi juu ya nguo nilizoanika jana. Mama ameniambia nizifue upya, kana kwamba mimi ndiye niliyeyamwaga.

Leo nimeomba kazi ya ujenzi. Si hapa Majengo, mtaa wetu wa Goma. Ni Roche-Vieille, mji wa Zama za Kati ulio ndani ya mchezo wa kompyuta, ambamo kila kitu hujengwa kwa vipande vya mraba, kimoja juu ya kingine. Watu wa Ufaransa, Ubelgiji na Kanada wanaujenga pamoja kwa miaka sasa. Una ukuta, una mto, una mtaa mzima wa watengeneza ngozi. Anayetaka kuingia anaandika maombi na kutuma picha za nyumba aliyoijenga peke yake. Imebaki nafasi moja. Wakishaijaza, wanafunga milango.

Ninaitaka nafasi hiyo kuliko nilivyoitaka diploma. Nina maswali. Watu wale walipika ndani. Moshi ulipita wapi? Minara yao ina ngazi nyembamba za kuzunguka. Mtu akifia juu, jeneza linashukaje? Nilimuuliza mwalimu wa historia mwaka wa tano, akanitoa nje. Nadhani ukijenga kwa mkono wako utajua.

Nimetuma nikiwa kibandani kwa Prodige. Huyu ni kijana wa Butembo anayechajisha simu mbele ya kwetu. Ana paneli za jua na intaneti, kwa hiyo mtaa mzima unamsalimia kwa heshima asiyostahili. Yeye ameshaingia Roche-Vieille tangu mwezi uliopita, kwa kanisa dogo lisilo na kasoro. Ameangalia picha zangu, akasema nyumba ni nzuri, akakohoa. Nakijua kikohozi kile.

Jumanne, 18 Mei

Jua kali tangu asubuhi. Mlima wazi, na moshi wake kama kawaida.

Jibu limefika! Limeandikwa na mkuu wa mradi, anayejiita Maître Guilhem. Ni mwalimu mstaafu huko Ufaransa na hajui kutania. Anasifu mawe yangu meusi. Anasifu hata chukudu niliyoiegemeza ukutani; anauliza kama chombo hicho cha mbao chenye magurudumu mawili kilitumiwa na maseremala wa kaskazini. Nimejibu ndiyo.

Halafu anauliza jambo jingine. Kwa nini watu wa nyumba hii wanaingilia dirishani? Na ghorofa ya chini imekwenda wapi?

Nimeiangalia picha muda mrefu. Dirisha gani? Kuna mlango. Una kizingiti cha juu unachokiruka, kama mlango wowote. Chini yake kuna mawe, kama chini ya nyumba yoyote. Nimeipeleka kompyuta kwa Mama, aliyekuwa anachambua maharagwe. Nimemwambia Mzungu anauliza kwa nini mlango wangu ni dirisha.

Mama ameangalia picha, ameniangalia mimi.

"Iko nauliza nini? Ile njo mulango. Weye unapitaka wapi?"

Hapo nikageuka na kuutazama mlango wetu. Ni dirisha! Nilikuwa mtoto wa mgongoni lava ilipopita hapa mwaka 2002. Iliijaza sebule, ikapoa. Papa wangu, Mungu amrehemu, alirudi, akapanua dirisha la juu, tukaendelea kuishi. Sebule ya zamani iko chini yetu imejaa jiwe, na kabati la harusi la Mama limo ndani yake. Ninaruka kile kizingiti tangu nilipojua kutembea, na sijawahi kujiuliza ni cha nini. Mimi, mwenye maswali!

Ningeweza kumwandikia Maître Guilhem hivyo hivyo. Lakini angesema msichana huyu hajui hata nyumba ni kitu gani. Nimefikiri kwa utaratibu, kisha nikaandika kwamba katika karne ya kumi na nne watu werevu waliweka mlango juu kwa sababu ya wezi.

Nimetuma. Najivunia.

Jumatano, 19 Mei

Mvua ya asubuhi, fupi.

Maître Guilhem anaomba chanzo. Kitabu gani kinasema habari za wezi? Watu hawa hawaamini kitu hivi hivi tu. Nimemjibu kwamba nimeyasikia kwa Profesa Nsanzimana, mtaalamu mkubwa wa milango.

Prodige alikuwa nyuma yangu akijifanya anakunja nyaya. Amesema hajapata kumsikia profesa huyo. Nimemwambia kuna mengi hajapata kuyasikia huko Butembo. Amesema kwao Butembo milango iko chini.

Alhamisi, 20 Mei

Mawingu. Hewa nzito, harufu ya kiberiti.

Balaa! Maître Guilhem amefurahi kupita kiasi. Anataka kuzungumza na Profesa kwa sauti, Jumamosi saa moja jioni. Wajenzi wote watasikiliza, kisha watapiga kura juu ya ile nafasi.

Kwa hiyo anahitajika profesa. Mpango: tonton Ferdinand, kaka yake Mama. Husoma matangazo parokiani kila Jumapili kwa sauti inayoamsha watoto wote wa kanisa. Kifaransa chake ni cha mapadre wa zamani, kila neno limepigwa pasi. Nimemwendea na chupa ya bia na heshima zote. Ameuliza swali moja tu: Profesa huvaa nini? Nimemweleza kwamba watasikia sauti tu, hakuna atakayemwona. Amesema yeye atajiona.

Ijumaa, 21 Mei

Jua, upepo wa ziwani.

Mazoezi. Nimeyaandika maneno ya Profesa kwenye karatasi kubwa: wezi, karne ya kumi na nne, mlango juu. Tonton Ferdinand ameyasoma vizuri sana, kisha akaiweka karatasi chini. Akauliza wezi hao waliiba nini. Nikasema kuku. Akauliza sasa kuku walipandaje mpaka mlangoni.

Nikaikunja karatasi. Lakini ni swali zuri. Kuku wa Zama za Kati walilala wapi?

Jumapili, 23 Mei. Keshero, kwa shangazi

Asubuhi moshi. Jua jekundu kama macho ya mtu asiyelala. Jana sikuandika. Naandika sasa, kwa utaratibu.

Saa moja jioni ilipofika tulikuwa kibandani. Tonton Ferdinand ndani ya suti ya ndoa yake, tai imemkaba. Prodige akatuunganishia sauti, uso wake umejaa kicheko. Sauti za Wazungu zikasalimia moja moja. Maître Guilhem akamshukuru Profesa kwa muda wake, akauliza: kwa nini mlango uko juu?

Nikainua karatasi. Tonton akakunja uso. Nikaisogeza karibu. Akajipapasa mifukoni. Miwani aliiacha kwenye suti nyingine!

Akakohoa kidogo. Akasema kile anachokijua.

"Bwana, mlango haukupanda. Ni ardhi iliyopanda."

Akaendelea polepole, kama anatangaza ndoa. Moto ulishuka, ukawa jiwe, jiwe likajaa nyumbani. Watu wakarudi. Hawakuwa na mahali pengine. Wakavunja chini ya dirisha, wakaingia, wakawasha jiko. "Ungefanya nini wewe?" Mimi nilikuwa napunga karatasi ya wezi kama kichaa. Kisha Maître Guilhem, kwa sauti ndogo, akauliza hayo yalikuwa karne ya ngapi.

Tonton akafungua mdomo ajibu. Nje watu walikuwa wameanza kupiga kelele. Nikadhani ni mpira. Prodige akatoka kutazama, akarudi bila kicheko. Nyuma ya paa zetu mbingu yote ilikuwa nyekundu.

"Inakuja tena," tonton akasema kwenye kompyuta, taratibu kabisa. Mtandao ukakatika.

Hayo mengine kila mtu wa Goma anayajua. Mama alibeba sufuria ya maharagwe, yakiwa yamoto bado. Mimi niliikumbatia kompyuta tumboni kama mtoto. Prodige alifunga betri zake juu ya chukudu, kisha akashusha mbili ili bibi wa jirani apate pa kukaa. Barabara ya kuelekea Keshero ilikuwa watu tupu, magodoro, mbuzi. Watu walimpisha tonton Ferdinand kwa sababu ya suti. Walidhani ni mtu wa serikali, wakamuuliza lava imefika wapi. Akawajibu wote, kwa sauti ya parokia, kwamba hajui lakini watembee wasisukumane. Wakatembea bila kusukumana.

Tumelala uani kwa shangazi Mukashyaka, kama kule ni kulala.

Leo mchana tumekwenda kuangalia. Lava imesimama kabla ya kufika kwetu. Nyumba ipo. Mama aliushika mlango, kizingiti chote, kutoka upande huu mpaka ule, kisha akasema anahitaji mafuta ya kupikia. Upande wa Buhene, lava ilikopita, wako watu wasio na kizingiti cha kushika. Sikuweza kuwatazama.

Alhamisi, 27 Mei. Keshero

Asubuhi baridi. Ardhi inatetemeka tangu siku zile. Vikombe vya shangazi vinaongea rafuni. Alfajiri imetoka amri kwamba mitaa kadhaa ihame, Majengo ikiwemo. Basi tumebaki huku huku.

Shangazi Mukashyaka alikimbia kutoka Kalengera wakati wa waasi, na tangu hapo masanduku yake hayafunguliwi yote. Anatushangaa tunavyotafuta vitu. Yeye anajua kila kitu kiko wapi gizani. Nimemwonyesha Roche-Vieille kwenye picha nilizozihifadhi. Ameuangalia ule ukuta mrefu, akauliza kama huko kuna waasi. Nimesema hapana, shangazi, ni mchezo. Akasema ukuta wa namna ile haujengwi bure. Nimekumbuka kuna mlima pia nyuma ya ule mji, na sijauliza kama unafuka. Lazima niulize.

Hakuna mtandao. Je, wamepiga kura? Ninaona aibu kuwaza hilo wiki hii. Ninaliwaza.

Jumatatu, 31 Mei. Keshero

Asubuhi safi, ziwa limetulia. Mitetemeko imepungua.

Prodige amefungua kibanda chake huku, chini ya turubai, na mtandao umerudi. Nimekuwa wa kwanza kwenye foleni. Barua ipo!

Maître Guilhem anaandika kwamba wajenzi wote wamesoma habari za Goma na wanatuombea. Anauliza kama Profesa yu salama. Anasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajasikia mtu akieleza nyumba kwa maneno machache na ya kweli namna ile. Watajenga mtaa mzima kwa wazo lake: mtaa uliozikwa, na watu wakarudi wakaingia madirishani. Kura zote zimeangukia upande mmoja. Ile nafasi imetolewa.

Kwa Profesa Nsanzimana.

Kuhusu mimi, barua ina mistari miwili. Maelezo yangu ya wezi hayana msingi na yanapingana na mwalimu wangu mwenyewe. Ananishauri nimsikilize zaidi.

Nimesoma mara nyingi. Tonton Ferdinand naye amesomewa. Ameuliza kama nafasi hiyo ina ofisi.

Prodige hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema jambo ni dogo. Lile jengo ni langu, ule mlango ni wetu. Nipige picha ya nyumba yetu, niwaandikie: ninakaa hapa, ninapita hapa, profesa ni tonton wangu.

"Ambia bo ukweli tu, Laurence. Batakupokea leo leo."

Nimekwenda Majengo kwa miguu, ingawa amri bado ipo. Nimepiga picha. Mwanga ulikuwa mzuri: kizingiti, jiwe jeusi, kandambili za Mama mlangoni. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimerudi kibandani, nimeiweka tayari, kidole juu ya kitufe.

Kisha nikafikiri kwa utaratibu. Picha ile inamsaidia nani? Inamsaidia Profesa! Inathibitisha kwamba ardhi ilipanda. Nadharia yangu ya wezi inazikwa kabisa. Hapana. Kosa langu sasa naliona wazi, na nashangaa sikuliona mapema: profesa mmoja hakutosha.

Nimeifuta picha. Nimemwandikia Maître Guilhem kwamba Nsanzimana ni mtu mwema lakini wataalamu wenzake hawamkubali, hasa Profesa Cirimwami, mama mwenye sifa kubwa, aliyeandika juu ya wezi tu. Yuko tayari kuzungumza nao Jumamosi.

Jioni nimemweleza shangazi Mukashyaka. Ameniacha nimalize. Ameuliza wezi waliiba nini. Nimesema mbuzi, nimeshajifunza habari ya kuku. Ametikisa kichwa muda mrefu, kisha akaenda kufungua sanduku lake moja, lile la chini, atafute kitambaa cha kichwa kinachomfaa profesa.

Nalala sasa, saa tano na nusu usiku.